Matairi ya kuazima siku ya ukaguzi

Kinachonikera kila mwaka ni mtu kuazima matairi mazuri, kupeleka gari kwenye ukaguzi, kupata cheti, halafu jioni kurudishia vipara vyake na kuingia navyo barabarani. Unamdanganya nani? Mkaguzi hapandi gari hilo. Unalipanda wewe na watoto wako.

Tairi halikaguliwi kwa ajili ya sura. Ile mifereji ndiyo inayosukuma maji pembeni mvua ikinyesha. Ikiisha, tairi linaelea juu ya maji, na hapo zungusha usukani utakavyo, gari halikusikii. Nchi nyingi zinataka kina cha mifereji hiyo kisipungue milimita 1.6, na hata kikifika hapo, kwenye barabara yenye maji gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Breki nazo hupimwa kwenye mashine ya rola, kila gurudumu na nguvu yake, kwa sababu upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari linavutwa kando. Hilo huwezi kuliona kwa kuchungulia tu.

Taa, mikanda, viungo vya usukani, kutu kwenye chasisi, moshi: vyote huchakaa polepole mno hadi dereva anazoea. Ndiyo maana linahitajika jicho la mtu mwingine.

Tena cheti kinasema tu gari lilikuwaje siku ile. Ukibadilisha matairi saa mbili baadaye, umebaki na karatasi. Jamani, uzeni hata redio, uzeni hizo rimu za kung'aa, mnunue matairi!