Porsche 911 haikuundwa ikae chini ya turubai

Juzi rafiki yangu amenitumia video akidhani nitafurahi. Mzee mmoja huko Ulaya anafungua gereji yake, anavuta turubai, na chini yake kuna Porsche 911 ya miaka ya themanini. Viti bado vimevikwa nailoni ya kiwandani. Karatasi ya sakafuni haijaondolewa. Anasogeza kamera kwenye dashibodi tuone kilomita, na gari lile halijatembea hata umbali wa kutoka Nairobi hadi Naivasha. Kisha anasema, kifua mbele, kwamba injini haijawashwa kwa miaka na kwamba bei yake inapanda kila kukicha. Waliomtazama wanampongeza kwa kulitunza.

Nimekasirika, na hasira yenyewe bado haijaniisha. Kutunza gani huko? Wanaume na wanawake wa Zuffenhausen, kiwandani kwa Porsche mjini Stuttgart, Ujerumani, walishona vile viti ili watu wavikalie. Kuna fundi alipima vali za ile injini moja moja. Kuna mtu alilijaribu gari lile barabarani kabla halijatoka getini. Kazi yote hiyo, halafu linafungiwa gizani kama kiroba cha mahindi kinachongoja bei ipande.

Najua, gari ni lake na hela ni zake. Hilo silipingi. Ninachopinga ni sisi wengine kuliita jambo hilo mapenzi ya gari.

Ukitaka kujua 911 ni kitu gani, anza na jinsi ilivyopatikana. Ferry Porsche alitoa gari la kwanza lenye jina la familia yake mwaka 1948, kijijini Gmünd, Austria, kwenye majengo ya kiwanda cha mbao. Hiyo ndiyo 356, gari dogo, jepesi, lenye vipuri vingi vya Volkswagen. Mwaka 1963 wakapeleka mrithi wake kwenye maonyesho ya Frankfurt wakiliita 901. Peugeot wakalalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni zao, basi 1964 likaingia sokoni kama 911. Umbo lake lilichorwa na Ferdinand Alexander, mtoto wa Ferry, ambaye nyumbani walimwita Butzi. Miaka zaidi ya sitini baadaye, ukiziweka ya kwanza na ya leo pamoja, hata mtoto atakwambia hizi ni ndugu. Paa linashuka vilevile hadi kwenye mkia, na taa za mbele zimetokeza juu ya matairi vilevile. Kwa miongo mingi geji tano za duara zilipangwa mbele ya dereva, ile ya mizunguko ya injini ikiwa katikati na kubwa kuliko zote. Swichi ya kuwashia iko mkono wa kushoto wa usukani.

Halafu injini. Silinda sita zimelala ubavu, tatu huku na tatu huku, na mzigo wote umening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Mhandisi yeyote wa leo angekwambia hapo si mahali pa kuweka injini ya gari la mbio. Ni kweli, 911 za zamani zilikuwa na tabia mbaya. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, ukaingiwa na hofu ukaachia mafuta ghafla, mkia unataka kukupita. Walioumia kwa hilo ni wengi. Lakini uzito ule ule ukikalia matairi yanayosukuma gari, matairi yanauma ardhi. Na kwa kuwa injini ilipozwa kwa upepo wa feni, gari halikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe, wala maji ya kuchemka ukiwa porini.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo ubishi wangu na yule mzee unapokolea.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa mashindano ya Pasaka, yaani katikati ya mvua za masika. Anayejua udongo mweusi ukilowa hahitaji kuelezwa. Porsche walikuja. Mwaka 1971 walileta 911 tatu. Sobiesław Zasada wa Poland akamaliza wa tano, wenzake wawili wakaishia njiani. Mwaka uliofuata Zasada akawa wa pili nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi akawa wa pili, na aliyemzuia ni Joginder Singh wetu, ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo ambayo wengi hawakuitilia maanani. Mwaka 1978 wakarudi na 911 SC mbili zenye mistari ya mdhamini wao, kampuni ya vinywaji ya Martini, zimeinuliwa juu, na bamba la chuma tumboni. Mkenya Vic Preston Junior, msoma ramani wake akiwa John Lyall, akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Waldegård akawa wa nne.

Mara tatu nafasi ya pili. Kiwanda kilichokwisha kushinda Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, na ambacho leo kina ushindi 19 kule, hakikuwahi kuichukua Safari hata mara moja wakati wa enzi zake. Nami naipenda 911 zaidi kwa sababu hiyo. Walijua wazi kwamba hapa kuna mashimo, kuna ng'ombe, kuna mito inayofurika ndani ya nusu saa, na wakalileta gari la mbio la kifahari kupambana na Datsun na Peugeot ambazo kila mji wetu ulikuwa na fundi wa kuzitengeneza. Wangeweza kukaa Ujerumani wakauza magari kwa madaktari na mawakili, jina lisichafuke. Wakaja wakachafuka, wakashindwa, wakarudi, wakashindwa tena. Miaka sita baada ya 1978 waliichukua Paris–Dakar, mashindano ya kuvuka jangwa la Sahara, na sitaki mtu aniambie kwamba matope ya Kenya hayakuwafundisha kitu.

Mjomba wangu alikuwa fundi Nakuru, na magari ya Safari aliyaona kwa macho yake akiwa kijana. Hakuwahi kumiliki gari la Ulaya hata moja. Lakini alikuwa akiiga mlio wa Porsche kwa mdomo, ule mkavu wa chuma, tofauti kabisa na mnguruma mzito wa injini za maji, akifunga macho. Wakati fulani nilimuuliza gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa linaharibika nini, maana jirani alikuwa na Benzi iliyolala tangu mumewe afariki. Akaweka spana chini. "Mjomba, gari linakufa kwa kukaa kuliko kwa kutembea," akaniambia, kisha akanihesabia kwa vidole vyenye grisi. Raba za kuzuia oili zinakauka na kupasuka. Petroli inageuka gundi ndani ya kabureta. Tairi zinapata ubapa pale zilipokalia. Maji ya breki yananyonya unyevu na pistoni za breki zinashika kutu. Ukija kuliwasha siku hiyo, linavuja kila upande. Kwa hiyo yule mzee wa video, mbali na kulinyima gari barabara, analiua polepole huku akijisifu kuwa mlinzi wake.

Porsche wenyewe wanalijua hili. Makumbusho yao ya Zuffenhausen yana magari ya thamani isiyosemeka, na mafundi wa pale kazi yao ni kuhakikisha yanawaka. Wanayatoa, wanayapeleka kwenye mashindano ya magari ya zamani, yanapigwa mawe, yanarudi, yanatengenezwa. Kama makumbusho yanaendesha magari yake, mtu binafsi ana udhuru gani?

Ila hao hao Porsche siwaachi waende hivi hivi. Wao ndio wanaochochea moto huu. Mwaka 2016 walitoa 911 R, wakasema watatengeneza magari 991 tu, na kabla hata hazijazoea barabara zikawa zinauzwa mkono wa pili kwa bei isiyo na uhusiano wowote na ile ya dukani. Mwaka 2022 wakatangaza 911 Dakar, gari lililoinuliwa, lenye matairi ya barabara mbovu, kwa heshima ya ushindi wa jangwani: magari 2,500 tu. 911 pekee ya kileo waliyoitengeneza kwa ajili ya vumbi, nao wakaifanya adimu kiasi kwamba mwenye nayo ataogopa vumbi lenyewe! Mwaka 2023 ikaja 911 S/T, magari 1,963. Hapo angalau, kwa wateja wa Marekani, waliweka sharti la kukodisha mwaka wa kwanza kabla ya kulimiliki gari, ili walanguzi wasilinunue asubuhi na kuliuza jioni. Nawapa hilo, kwa shingo upande. Dawa nyepesi ingekuwa kutengeneza mengi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa magari haya huliruka, na mimi siwezi kuandika sifa zote hizi nikaliacha. Ferdinand Porsche, baba wa Ferry, alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na kiwanda cha Volkswagen alichokisimamia wakati wa vita kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Ofisi yake ya uhandisi ya Stuttgart, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilikuwa na mshirika Myahudi, Adolf Rosenberger, dereva wa mbio aliyeleta fedha wakati ambapo fedha hazikuwepo. Kufikia 1935 alikuwa ametolewa kwenye hisa zake na kufungwa kambini, kisha akaukimbia Ujerumani. Kwa miongo mingi jina lake halikusikika mahali ambapo jina la Porsche lilisikika kila siku. Anayejivunia historia ya gari hili na abebe na hiyo.

Kuhusu Cayenne, ile Porsche kubwa ya familia iliyoinuka, wale wanaosema iliharibu jina, mimi sina ugomvi nayo tena. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni ilikuwa inazama. Mkuu wake, Wendelin Wiedeking, akawaita wataalamu wa Kijapani waliokulia kwenye mfumo wa Toyota wakaja kuwafundisha Wajerumani kupanga kiwanda, Boxster, gari dogo la michezo, ikatoka 1996, Cayenne 2002, na 911 ikapona. Kutopendeza kwa ile Cayenne ya kwanza ni bei ndogo ya kulipa.

Lakini turudi kwa Waldegård, maana habari yake haikuishia 1974. Aliishinda Safari mara nne kwa magari ya Ford na Toyota, akawa bingwa wa dunia mwaka 1979, na bado deni lake na 911 lilikuwa halijalipwa. Mwaka 2011, akiwa amevuka miaka sitini na mitano, alirudi kwenye East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani. Alikuja na Porsche 911, na msoma ramani wake akawa Mathias, mwanawe wa kumzaa. Wakashinda. Miaka 37 tangu ile nafasi ya pili! Alifariki 2014, na mwaka 2015 Msweden mwenzake, Stig Blomqvist, akaishinda Classic hiyo hiyo kwa 911 pia.

Magari yanayokuja kwenye mashindano hayo ni ya rika la lile la kwenye video, mengine ya zamani zaidi, na yana bei ya kutisha. Wenyewe wanayasafirisha kutoka Ulaya kwa meli ili wayavunjevunje kwenye mawe yetu, na usiku mafundi wanalala chini yake wakibadilisha shokapu. Ratiba ikitoka, tafuta sehemu iliyo karibu na kwenu. Usisimame nje ya kona, simama ndani, tena mahali palipoinuka, na upande ambao upepo hautakuletea vumbi. Wapeleke na watoto. 911 utaisikia kabla hujaiona, na ikitoka konani angalia mkia unavyokaa chini dereva anapokanyaga mafuta.