Eti Nilienda Kupumzika

Leo asubuhi mtu wa ofisini kaniuliza "vipi, ulipumzika wikiendi?" kisa kaiona ile picha, si ile tanga limejaa upepo, jua linazama, mimi nimekaa nyuma na mbwa wawili miguuni kama sultani. Nikamjibu nimepumzika. Ningemwambia nini?

Siku tatu za sikukuu, boti ya tanga, mimi, dada, shemeji na mbwa wao wawili. Bosi, huyo kilo thelathini na kitu, na Karanga, ambaye ndo mdogo ila kelele zote zake. Boti kwenye picha kubwa, ukilala ndani unagundua ni kabati lenye mlingoti. Mbwa walivalishwa majaketi ya kuokolea yenye mpini mgongoni, unamnyanyua mtu kama begi. La kwangu halina mpini. Nikajua hapa nani ataokolewa kwanza.

Ya kutapika tuyaache, Karanga alianza, mimi nikafuata, tukaangaliana kwa heshima. Na kila shemeji akipiga kelele "tunabishaaa!" tanga linahamia huku, boti inalala upande wa pili, na Bosi na makucha yake kwenye sitaha iliyolowa anakuja mzima mzima, breki yake tumbo langu. Kubisha ni zigizaga hivyo hivyo mpaka ufike, maana upepo hauendewi uso kwa uso. Sikuhesabu tulibisha mara ngapi. Tumbo lilihesabu.

Sasa mkojo. Bosi tangu mtoto kafundishwa hakojoi ndani, na boti kwa akili yake ni ndani, si ndo tunalala humo? Shemeji akatandika kapeti la nyasi bandia pale mbele, akasema zoezi dogo tu. Saa sita mchana, hakuna. Jioni tumetia nanga, hakuna, anazunguka lile kapeti kama mgeni alotandikiwa mkeka mchafu. Shemeji akasema dawa ipo, ni harufu, akatoa kitambaa alichokilowesha mkojo wa Bosi mwenyewe toka nyumbani, kimefungwa kwenye mfuko, na huo mfuko jamani ukatoka kwenye BEGI LANGU. Akasugua kapeti. Bosi akanusa, akaenda kulala.

"Shemeji, hebu muoneshe mfano."

"Mfano gani?"

"Si akiona mwanaume mwenzie..."

Mimi, mtu mzima, natia saini hundi za watu ofisini. Nikamwambia shemeji tuheshimiane. Saa nne usiku nikawa nimesimama kwenye nyasi za plastiki, giza, boti inayumba, mbwa ananikodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Nilitoa mfano. Bosi akapiga miayo.

Saa kumi alfajiri akaanza kulia kile kilio chembamba, dada anasema "kaka si uko macho", tukashuka kwenye kiboti cha mpira, napiga makasia na Bosi kasimama mbele kama mkuu wa mkoa anayekagua bandari. Kufika ufukweni akanusa jiwe. Akanusa jiwe la pili. Akanywa maji ya chumvi, na matokeo yake tuliyapata mchana, siyasimulii. Alivyokuja kukojoa hatimaye, aisee, nilitaka kupiga makofi, dakika nzima haishi, ila kugeuka nakuta maji yamekupwa na kiboti kimebaki mchangani kimelala, nikakivuta mwenyewe huku Bosi anakimbiza ndege. Nafika kwenye boti nimelowa mpaka kiunoni, Karanga kasimama pembeni analia.

Naye kabanwa.

Nilisema neno ambalo sitaliandika hapa. Nikageuza.

Tena choo cha boti unapiga pampu kwa mkono, mara ishirini, usiku watu wote wanasikia umetoka wapi.

Nimerudi nyumbani Jumatatu, kitanda kikawa kinayumba, taulo linanuka mbwa mbichi, nimefua mara mbili linanuka tu. Na simu ikagoma kuchaji, nikaipeleka kwa fundi leo mchana, kaingiza sindano kwenye tundu la chaja anachomoa nywele, anachomoa, anachomoa, kaziweka mezani kijifungu kizima, kaniangalia: "Kaka, hii simu inafuga nini?"

Na chaji bado haiingii.