Historia hai ya Wacherokee: nani anachagua mwaka wa kuonyeshwa?

Katika milima ya magharibi ya North Carolina, Marekani, kwenye mji uitwao Cherokee, kuna kijiji kilichojengwa ili kuonyesha maisha ya miaka ya 1760. Kinaitwa Oconaluftee Indian Village, na kilifunguliwa mwaka 1952. Nyumba zake za kale ni za fito zilizokandikwa udongo. Huyu anachoma gogo kwa moto wa polepole na kulikwangua hadi liwe mtumbwi. Yule anatia mshale mwembamba, uliofungwa sufi ya mmea wa miiba, ndani ya mwanzi mrefu na kuupuliza kwenye shabaha. Wanaofanya kazi hizo ni Wacherokee wenyewe, mmoja wa watu wa asili wa Marekani, na mgeni anaruhusiwa kuuliza. Hiyo ndiyo historia hai: haisomwi kwenye kibao, unaiona ikitendwa.

Faida yake ya kwanza ni kwamba inaondoa uongo. Kwa miaka mingi, kando ya barabara za mji huohuo, wanaume wa Kicherokee walisimama wamevaa mataji marefu ya manyoya mbele ya mahema ya ngozi, wakilipwa na watalii kwa kupigwa picha. Mavazi yale na mahema yale ni ya watu wa nyanda za mbali magharibi. Wacherokee walikuwa wakulima wa mahindi na maharage, waliokaa katika miji iliyojengwa kandokando ya mito. Lakini mtalii alikuwa ameshajazwa filamu kichwani, na mwenye watoto wa kulisha alimpa alichokitaka. Siwezi kumlaumu mtu yule. Ila kijiji kinachomwonyesha mgeni nyumba ya kweli na kazi ya kweli kimefanya jambo kubwa, na wanaodharau maonyesho haya kama biashara tu ya utalii wanalisahau hilo.

Faida ya pili ni ufundi. Chukua kikapu cha kuta mbili cha mianzi ya mtoni. Fundi anaanzia kitako cha ndani, anapanda hadi ukingoni, anaikunja mianzi ileile na kushuka nayo kwa nje hadi chini, bila kiungo popote. Mianzi inapasuliwa, inakwanguliwa, na kupakwa rangi inayotokana na mizizi na maganda ya miti. Ufundi wa namna hii hujifunzwa ukiwa umekaa pembeni ya anayejua, tena kwa miaka. Mahali panapomlipa mtu mshahara ili asuke mchana kutwa ni mahali panapousaidia ufundi usife.

Wanaoyapinga maonyesho haya nao wana malalamiko, na la zamani zaidi linahusu mwenye usukani. Tamthilia kubwa ya jukwaa la wazi iliyoanza mjini hapo mwaka 1950 iliandikwa na Mzungu, na kwa miongo kadhaa wahusika wakuu wa Kicherokee waliigizwa na Wazungu huku wenyeji wakipewa nafasi za pembeni. Mwaka 2006 ikaandikwa upya. Tangu hapo mambo yamezidi kubadilika. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la mji huo lilibadili jina na kuwa Museum of the Cherokee People, na vitu vya ibada na vya makaburini vikaondolewa kwenye maonyesho. Kwangu huo ni uamuzi bora kuliko ngoma yoyote, kwa sababu watu wenye mamlaka juu ya historia yao wana haki pia ya kuificha sehemu yake.

Linalonisumbua zaidi ni mwaka unaochaguliwa. Oconaluftee ni miaka ya 1760. Kijiji cha Diligwa, kilichofunguliwa mwaka 2013 huko Park Hill, Oklahoma, kilijengwa kuonyesha mwaka 1710. Yote miwili ni miaka ya kabla ya Mcherokee aitwaye Sequoyah kukamilisha herufi za Kicherokee mwaka 1821, kabla ya katiba ya 1827, kabla ya gazeti la Cherokee Phoenix kuanza kuchapwa mwaka 1828 kwa lugha mbili huko New Echota, mji mkuu wao wa wakati huo ulioko Georgia, na kabla ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1832 iliyosema kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee. Watetezi wa sheria ya Marekani ya 1830 ya kuwahamisha watu wa asili kwenda magharibi walidai kwamba hao ni wawindaji wasioweza kuishi jirani na maendeleo. Walikuwa wakiyasema hayo kuhusu watu wenye katiba, mahakama na matbaa. Mgeni anayeondoka na picha ya mshale na mtumbwi peke yake, bila kujua, anaondoka na hoja ya waliowafukuza.

Najua utetezi wa mwaka 1710, na una uzito. Wakati huo ukoo ulifuatwa kwa mama, na nyumba na mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake. Katiba ya 1827 ndiyo iliyowapa kura wanaume huru pekee, na kuwatenga wenye asili ya Kiafrika. Kwa hiyo kurudi nyuma zaidi kunafichua mambo ambayo karne ya 19 iliyafuta. Sawa. Lakini basi mgeni aonyeshwe na hayo yaliyofuata.

New Echota kunaonyeshwa: kuna baraza, mahakama na nyumba ya matbaa, vyote vilivyojengwa upya. Tatizo ni kwamba msimamizi wa eneo hilo ni jimbo la Georgia, jimbo lilelile ambalo askari wake waliuteka mtambo wa gazeti mwaka 1835. Hata kama watumishi wake wa leo wana nia njema, na sina sababu ya kudhani hawana, habari hiyo ingepaswa kusimuliwa na walioporwa.

Halafu kuna utumwa. Sensa ya 1835 ilihesabu watumwa Weusi karibu 1,600 miongoni mwa Wacherokee, na familia moja tajiri ya Kicherokee, ya Vann, peke yake ilimiliki zaidi ya 100. Watumwa hao nao walisafirishwa kwenda magharibi katika uhamisho wa 1838 na 1839, uliokadiriwa kuua watu 4,000. Nani avae nguo za mtumwa mbele ya watalii? Simtakii mtu yeyote kazi hiyo, na hapa nakubali kwamba maigizo yana mpaka. Lakini wazao wa watumwa hao walipigania uraia wao hadi hukumu ya mahakama ya shirikisho mwaka 2017, na mwaka 2021 ndipo Mahakama Kuu ya Cherokee Nation, taifa la Wacherokee la Oklahoma, ilipoondoa katika katiba yake ya sasa neno «kwa damu», lililowatenga wasio na nasaba ya Kicherokee. Kuwasimulia wageni habari za Wacherokee bila babu zao ni kuwafukuza mara ya pili. Kama mavazi hayafai, kuna masimulizi ya familia na orodha za majina; visomwe kwa sauti palepale uwanjani.

Mfano ninaouthamini kuliko yote hauna mtalii hata mmoja. Mwaka 1984, na tena tangu 2009, vijana wa Kicherokee wamekuwa wakiendesha baiskeli kutoka New Echota hadi Tahlequah, Oklahoma, takriban kilomita 1,500, wakiifuata njia ya uhamisho na kusimama kwenye makaburi. Siku hizi wa Oklahoma na wa North Carolina husafiri pamoja. Kabla ya kuondoka hujifunza historia na lugha, na kila mmoja huchorewa nasaba ya familia yake. Mwaka 2019 mataifa yote matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya dharura kwa ajili ya lugha yao, maana wazungumzaji wake wengi ni wazee. Ikibidi kugawa fedha na muda wa wazee hao kati ya uwanja wa wageni na vijana wa baiskeli, ningeanza na vijana.