Mkurugenzi wa halmashauri atoke ndani ya utumishi

Afisa mifugo anahamishwa kutoka makao makuu ya wilaya kwenda kata ya pembezoni. Barua ina mistari mitatu, sababu ni "mahitaji ya kiutumishi", chini kuna saini ya mkurugenzi. Posho ya uhamisho haitajwi.

Waziri na mkuu wa wilaya wanabeba ilani ya chama, kwa hiyo sina ugomvi na Rais kuteua anaowaamini. Mkurugenzi wa halmashauri ni habari nyingine kabisa. Mezani kwake ndiko kunakoamuliwa nani akaimu idara, nani aende masomoni, jina la nani liingie kwenye bajeti ya kupandishwa daraja. Na yeye pia huteuliwa na Rais. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza wakurugenzi 185, na kati ya wapya walikuwamo waliowahi kuwania kura za maoni ndani ya CCM.

Suala hili lilifika mahakamani kwa mlango wa uchaguzi tu. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Mimi inaniuma zaidi ile miaka mitano kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, ambayo haina waangalizi.

Mfikirie afisa utumishi. Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma anazijua vizuri. Faili likimfikia, anatakiwa aandike kwenye dokezo kwamba uhamisho huu haukutengewa fedha. Lakini bosi wake ameletwa kutoka nje, hajawahi kuandika dokezo maishani, na anaweza kumhamisha hata yeye. Wengi wanaandika "naomba kuwasilisha" na kunyamaza.

Najua waliopanda ngazi nao wapo wanaokalia mafaili na kulindana. Hao angalau wana rekodi ya miaka ya kazi inayoweza kukaguliwa kabla hawajapewa ofisi.

Kenya, ibara ya 155 ya Katiba ya 2010 inamtaka Rais ateue makatibu wakuu kutoka kwa waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Bunge liidhinishe. Siasa haijaisha Nairobi, ila mwombaji anapita kwenye usaili kwanza. Sisi tuna Sekretarieti ya Ajira inayosaili mpaka madereva. Nafasi ya mkurugenzi nayo itangazwe huko, waombe waliokwisha kuongoza idara, na Rais apelekewe majina matatu achague moja.