Nimejifungua kote kuwili

Kuna mwandishi anashauri mama mwenye uwezo akajifungulie hospitali binafsi, si ya serikali. Mimi nimejifungua kote, hapa hapa Dar. Wa kwanza serikalini: sera inasema huduma ya uzazi ni bure, lakini glovu, pamba, nyembe na mpira wa kutandika nilibeba mwenyewe, na kitanda kimoja tulilala wawili. Ila damu iliponitoka nyingi, mkunga yule yule aliyekuwa akinifokea ndiye aliyenishika asiniachie, na damu ya kuongezewa ilikuwepo. Wa pili binafsi: shuka nyeupe, "pole mama" kila dakika, halafu saa nane usiku daktari wa upasuaji anapigiwa simu nyumbani kwake! Wa tatu nikijaliwa, nitauliza kwanza nani yuko zamu usiku. Mapazia baadaye.