Mimi na gari, Tanga

Jamani ukoo wetu una mambo. Wakati wanaezua bati la nyumba ya zamani kule Lushoto ikapatikana picha kwenye sanduku la marehemu dada yake babu, kapicha kadogo ka nyeusi na nyeupe saizi ya kiganja, kingo zimekatwa vijimenomeno kama zilivyokuwa picha za enzi hizo, kijana mmoja mtanashati kavaa suti, nywele kazipasua njia upande wa kushoto, mkono mmoja mfukoni na mwingine kaunyoosha kwenye boneti ya gari. Nyuma yake mwandiko wa babu, huo mwandiko kila mtu anaujua maana mzee alikuwa karani: "Mimi na gari. Tanga."

Basi hapo ndo balaa lilipoanzia.

Mjue kwanza kwamba babu tunayemjua sisi ni wa uzeeni, ile picha moja ya kitambulisho ana ndevu nyeupe na miwani mizito mpaka macho huyaoni. Wa ujanani hamna aliyekuwa nae. Kwa hiyo ilivyotua hii picha kila mtu akajiona yeye humo ndani. Shangazi akasema pua ni ya kwake, tukamkubalia maana shangazi habishiwi. Bamdogo ndo akavuka mpaka kabisa, akaanza kupasua njia kichwani kila asubuhi, na bamdogo nywele zimebaki pembeni tu jamani, yaani alikuwa anapasua njia kwenye uwanja wa mpira.

Alafu likaja suala la gari. Toka tuko wadogo kuna maneno kwamba babu alikuwa na gari na aliiacha gereji Tanga mjini, haijulikani gereji ipi. Sisi tulidhani ni hadithi za wazee. Sasa picha hii hapa! Bamdogo akaja na hesabu zake kwamba babu alikuwa anapima mkonge kwenye shamba njia ya Muheza, na bei ya mkonge ilipanda sana wakati wa vita ya Korea mwaka 1951, hilo ni kweli kabisa halina ubishi, ila mimi nijuavyo bei iliwapandia wenye mashamba haikumpandia mtu wa mizani. Bamdogo haambiliki. Anasema gari za zamani siku hizi wazungu wananunua kwa mamilioni, tukiipata hiyo gari hata kama imebaki boneti peke yake ukoo mzima umetoka. Kazi ya kuitambua nikapewa mimi kwa sababu mbili, naishi Tanga na "ni mtu wa kompyuta". Naandika barua za watu stationary basi nishakuwa mtu wa kompyuta.

Nikaenda Ngamiani kwa mafundi wazee, wale wa chini ya mwembe, shikamoo shikamoo nikawapa picha. Wa kwanza hata hakuishika vizuri, akasema hii Morris Minor, tena zile za mwanzo za 1948, si unaona taa zimekaa chini humu kwenye grili. Mwenzie akamkata hapohapo, we mzee acha uongo, Morris ya taa za chini kioo cha mbele ni vipande viwili vina mstari katikati, kioo cha kipande kimoja kimekuja 1956 na saa hiyo taa zishahamia juu kwenye madigadi, sasa hii ina taa za chini na kioo kimoja, wewe umeiona wapi gari hiyo? Na huku nyuma mbona ina mapezi ya Peugeot 404? Na 404 yenyewe imetoka 1960!

Kusikia 404, mzee wa tatu aliyekuwa kalala chini ya Hiace akachomoka kwa mgongo kama kaitwa jina, picha hajaiangalia wala nini, akaanza habari za mashindano ya magari ya Safari Rally, dereva Bert Shankland alivyochukua ushindi 1966 akarudia 1967 na 404 hiyohiyo, tope liko hapa, anatuonyesha kwenye kifua, gari inapita tu. Nikamwambia mzee wangu sawa lakini hii ni gari gani? Akasema 404. Yule wa Morris akasusa akaenda kunawa mikono.

Kijana mmoja deiwaka akachungulia akauliza, samahani, mbona stelingi iko kushoto? Kimya. Mzee wa 404 akasema imetoka Ufaransa moja kwa moja haikupita kwa Mwingereza. Deiwaka akauliza tena, na mlango wa kufungulia uko wapi, mbona hauna kitasa? Akaambiwa kalete spana namba 14.

Nikarudi na picha nikaiskani, nikaivuta kwenye skrini ikawa kubwa kama mlango. Ndo nikaona kitu. Kuna mstari unaanzia juu kwenye mawingu, unashuka kwenye kioo cha gari, unapita boneti, unapita taa, unaendelea mpaka kwenye barabara, mstari mmoja haukatiki. Kivuli cha gari kimelala kushoto, kivuli cha jamaa kimelala kulia. Na ule mkono uliowekwa kwenye boneti haujagusa kitu, uko hewani kama mtu anapapasa kuku asiyekuwepo. Na huko juu kabisa pembeni, kichwa cha msumari.

Ni pazia! Gari imechorwa kwenye kitambaa cha studio! Na aliyechora ni wazi kaokoteza, taa za gari hii, mapezi ya ile, kitasa kakisahau.

Nikampigia bamdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akanambia huo mstari ni picha ilikunjwa sandukuni, na niache uvivu niendelee kutafuta gereji, na by the way fulana zimeshachapishwa. Fulana gani? Fulana za mkutano wa ukoo, 60, kifuani babu na gari, mgongoni "TUMETOKA MBALI".

Siku ya mkutano ukoo mzima umevaa, hata watoto wa kunyonya, bamdogo kavaa juu ya kanzu. Bibi akaletwa mwisho. Bibi alikuwa haoni vizuri miaka mingi kwa mtoto wa jicho, ndo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo picha yenyewe alikuwa anaisikia tu kwa maneno ya watu. Nikamshika mkono, ananiitaga mume wangu, akanambia mume wangu simama nikuone. Akanikazia macho kifuani. Akamwangalia shangazi. Akamwangalia bamdogo, toka fulana mpaka ile njia ya kichwani. Alafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona mmemvaa mpiga picha?"

Wallahi hakuna aliyepumua.

Bibi akacheka mpaka akaomba kiti. Kumbe babu alienda studio kweli, akalipa kweli, akaazimwa koti la studio, akaambiwa atulie, alipotulia tu akapiga chafya. Picha ikatoka mtu ana vichwa viwili. Mpiga picha akagoma kurudisha hela, filamu ni ghali, akamchomolea picha ya mfano iliyobandikwa pale mlangoni, yeye mwenyewe mpiga picha kasimama mbele ya pazia lake, akamwambia chukua hii watu wa kwenu hawajakuona siku nyingi hawatajua. Na kweli hawakujua. Babu kaituma Lushoto na maneno nyuma. Haikupita muda kaka yake akashuka na magunia mawili ya viazi anataka yabebwe na gari yapelekwe sokoni. Babu akamwambia gari iko gereji.

"Na ikakaa gereji mpaka anakufa," bibi anafuta machozi kwa khanga.

Shangazi kajishika pua. Watoto wameanza kuvua fulana. Bamdogo kakaa kimya muda mrefu, nikajua leo mtu kaumia, mpaka akainua kichwa.

"Sasa mama, huyo mpiga picha yeye alikuwa na gari?"

"Alikuwa na baiskeli," bibi akamjibu. "Nayo ya kuazima."