Uyoga wa mwituni: mboga ndiyo, dawa bado

Wanaohimiza watu wachume uyoga wa mwituni huunganisha madai mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni kwamba porini kuna uyoga mtamu, na aliyejifunza vizuri anaweza kuuchuma bila kuhatarisha maisha yake. La pili ni kwamba uyoga huohuo ni dawa: unaimarisha kinga ya mwili, unanoa kumbukumbu, unashusha kolesteroli, hata unapambana na saratani. Dai la kwanza lina ukweli mwingi. La pili lina ukweli pia, ila si ule unaopatikana kwenye kikapu cha mchumaji. Na kwa bahati mbaya ni hilo la pili linalowasukuma wengi kuingia msituni kabla hawajaiva katika la kwanza.

Wanaousifu hawasemi upuuzi. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kaitini na beta-glukani, na beta-glukani ni kemikali ambayo seli za kinga za binadamu huitambua na kuamshwa nayo. Uyoga pia una ergothionini, kemikali inayosaidia kulinda seli zisiharibike, kwa wingi kuliko karibu vyakula vingine vyote; mwili wetu hauwezi kuitengeneza, lakini una njia yake maalumu ya kuifyonza. Mwaka 1977 Japani iliidhinisha PSK, dondoo ya uyoga wa Trametes versicolor, itumike pamoja na matibabu ya saratani. Lentinani, inayotoka kwenye shiitake, uyoga unaolimwa na kuliwa sana Asia, nayo ilipata kibali huko. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha jaribio dogo la watu 30 wenye umri wa miaka 50 hadi 80 waliokuwa wameanza kupoteza kumbukumbu: waliopewa unga wa Hericium erinaceus, ule uyoga mweupe unaoning'iniza miiba laini kama ndevu, walipata alama bora kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Sasa tazama vitu hivyo vilitumikaje. PSK ilikuwa dondoo ya kiwandani yenye kipimo kinachojulikana, na wagonjwa waliipata sambamba na tiba ya hospitali, si badala yake. Lentinani ilidungwa kwa sindano. Katika jaribio la Hericium, washiriki walimeza gramu 3 za unga kila siku kwa wiki 16, na wiki 4 tu baada ya kuacha, alama zao zilianza kushuka. Piga hesabu: gramu 3 kwa siku 112 ni gramu 336 za unga mkavu. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo mtu mmoja angehitaji zaidi ya kilo 3 mbichi ili afuate jaribio hilo mara moja. Uyoga wenyewe huota kwa msimu mfupi, kwenye majeraha ya miti mizee ya majani mapana, na nchini Uingereza ni adimu kiasi kwamba sheria inakataza kuuchuma. Mlo mmoja au miwili ya uyoga huo kwa mwaka ni chakula kizuri. Kuuita tiba ya kumbukumbu ni kujidanganya.

Upande wa pili wa mizani kuna sumu. Amanita phalloides ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani. Amatoksini zilizomo huzima kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili kusoma maagizo ya kutengeneza protini, na ini ndilo linaloumia zaidi. Kuchemsha hakuziondoi, kukausha hakuziondoi, kugandisha hakuziondoi. Nusu ya kofia inaweza kumuua mtu mzima. Dalili huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi 24. Mgonjwa hutapika na kuharisha vibaya, kisha siku ya pili hupata nafuu na kudhani yamekwisha, kumbe ini linaendelea kufa. Ndiyo maana anayetapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali hata akisema anajisikia vizuri, pamoja na mabaki ya chakula na kipande kibichi kama kipo. Mchumaji makini hubakiza uyoga mmoja mzima, haujapikwa, kwenye friji ndani ya karatasi, kwa ajili hiyo tu.

Kosa linaloua mara nyingi huanzia kwenye kisu. Ukikata shina usawa wa ardhi, unaacha udongoni kile kifuko kinachozunguka kitako cha Amanita, alama muhimu kuliko zote. Ingiza kisu chini kabisa, uung'oe mzima, upanguse udongo taratibu, kisha utazame vitu vinne: kofia, vibamba vya chini ya kofia, pete ya shina na kitako. Uyoga mchanga wa mviringo kama yai upasue katikati kutoka juu hadi chini. Ukiwa mweupe wa aina moja ndani, bila mchoro wowote, unaweza kuwa uyoga wa mpira, aina ya mviringo isiyo na vibamba. Ukiona umbo la kofia na vibamba limejichora ndani, hilo ni yai la uyoga mwingine, pengine Amanita. Tupa.

Kisha kuna chapa ya spora, yaani rangi ya unga wa spora, mbegu ndogo sana za uyoga, unaodondoka kutoka chini ya kofia. Kata shina, laza kofia vibamba vikiangalia chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli ili upepo usipeperushe, uache saa 6 hadi 12. Kofia ikiwa kavu, iwekee tone la maji juu. Volvariella volvacea, unaoliwa sana Asia, una kifuko kitakoni kama Amanita phalloides, na watu waliohamia nchi nyingine wameuawa na mfanano huo. Ukikomaa, Volvariella hauna pete na chapa yake ni ya waridi. Ya Amanita ni nyeupe. Lakini ukiwa bado yai, hakuna pete ya kutazama wala chapa ya kupata, na ni katika hatua hiyohiyo watu hupenda kuuchuma. Hapo ujuzi wote unafikia kikomo, na jibu sahihi ni kuuacha.

Vipimo vya mitaani havina msingi. Kijiko cha fedha, kitunguu saumu au mchele kubadilika rangi sufuriani havigundui amatoksini. Konokono na wadudu hula uyoga unaoua watu. Programu za simu nazo zisiaminiwe: katika ulinganisho wa programu tatu uliochapishwa mwaka 2023, hata iliyoongoza haikufikisha nusu ya majibu sahihi. Picha haionyeshi kitako kilichobaki udongoni, wala chapa ya spora. Kuonja kipande kidogo kwanza kuna faida moja, kujua kama mwili wako unakataa aina ambayo tayari umeitambua kwa uhakika. Hakuwezi kuwa njia ya kuitambua.

Watetezi husema mababu walikula uyoga vizazi na vizazi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu maarifa ya kurithi ndiyo shule bora ya uchumaji, lakini mapokeo hukamata sumu ya haraka na kuikosa ya polepole. Tricholoma equestre ulisifiwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 2001 madaktari wa Ufaransa waliripoti watu 12 ambao misuli yao iliharibika baada ya kuula milo kadhaa mfululizo, na 3 kati yao walikufa. Nchini Japani, Pleurocybella porrigens ulikuwa chakula cha kawaida hadi mwaka 2004, watu wengi, hasa wenye ugonjwa wa figo, walipougua ubongo baada ya kuula na zaidi ya kumi wakafa.

Zipo aina ambazo mwanafunzi anaweza kuanza nazo kwa hatari ndogo, na hapa nawaunga mkono watetezi bila kusita. Hericium hauna mfanano wa kuua. Chanterelle, uyoga wa manjano unaoliwa, ni rahisi ukikagua kwa mikono: chini ya kofia kuna mikunjo butu inayogawanyika na kuteremka hadi kwenye shina, si vibamba vikali vinavyobanduka, na nyama ya ndani ni nyeupe iliyofifia. Omphalotus wenye sumu, unaofanana nao, huwa na vibamba halisi na huota kwa vishada kwenye kuni. Wengi hukosea kwa sababu kuni hiyo inaweza kuwa mzizi uliofukiwa, hivyo uyoga unaonekana umetoka ardhini. Chimbua kidogo kabla ya kuamua. Trametes versicolor, wenye mistari ya rangi kama feni, ugeuze: chini uwe na vitundu vidogo sana, vitatu au zaidi kwa milimita moja. Ukikuta sehemu ya chini laini bila vitundu, umeokota Stereum, kuvu mwingine anayefanana nao. Hautakuua, lakini chai yako haitakuwa na kile ulichosoma.

Kuhusu chai hizo, asili haimaanishi salama. Chaga, uvimbe mweusi wa kuvu kwenye miti ya betula, una oksalati nyingi, chumvi zinazoweza kuganda kuwa fuwele kwenye figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti mwanamke mwenye saratani ya ini aliyetumia vijiko vya chai 4 hadi 5 vya unga wake kila siku kwa miezi 6. Fuwele za oksalati zilimharibia figo. Reishi, uyoga mgumu wa miti unaotumika kama dawa Asia, inaweza kupunguza kuganda kwa damu, jambo zito kwa anayetumia dawa za aina hiyo au anayesubiri upasuaji. Mwenye ugonjwa wa figo au ini amwambie daktari wake kabla ya kikombe cha kwanza.

Jikoni mambo ni machache. Beba kwa kikapu au mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki uyoga hutoka jasho na kuoza. Pika angalau dakika 15, maana ukuta wa kaitini hausagiki tumboni ukiwa mbichi; shiitake isiyoiva humwacha mtu na michirizi ya upele kama aliyechapwa viboko. Kausha kwa nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi hadi kipande kivunjike kwa mlio. Kikipinda tu, kitaota ukungu. Usichume kando ya barabara kuu, migodi au mashamba yaliyopuliziwa dawa, kwa sababu uyoga hukusanya metali zenye sumu kama kadimiamu na zebaki. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986, uyoga wa misitu ya Ulaya uliendelea kubeba sisiamu yenye mionzi kwa miongo.

Wanaohofia kwamba uchumaji unamaliza uyoga wana nusu ya ukweli. Utafiti wa Uswisi ulioendelea kwa karibu miaka 30 ulikuta kwamba kuchuma hakukupunguza mavuno ya baadaye, iwe kwa kung'oa au kwa kukata. Kilichopunguza ni kukanyagwa kwa ardhi. Mchumaji mmoja anayejua anakokwenda si tatizo. Kundi la watu wanaosaka dawa ni tatizo.

Inabaki hoja moja ya watetezi ninayoiheshimu: unga wa dukani huwezi kuukagua, wakati uyoga wa mkononi unaona mwenyewe vitundu na kitako chake. Ni kweli. Lakini kati ya unga usiojulikana na msitu kuna uyoga mbichi wa kulimwa, wenye beta-glukani na ergothionini hizohizo. Ukitaka na vitamini D, kata vipande, vitandaze kwenye jua la mchana kwa dakika 15 hadi saa 1. Ergosteroli, kemikali ya mafuta iliyomo ndani ya uyoga, hugeuka vitamini D2, mara nyingi zaidi ya mikrogramu 10 kwa gramu 100 za uyoga, ambayo inakaribia au kufikia mahitaji ya mtu mzima kwa siku.